Warfarini baada ya miaka tisa: tathmini ya mtumiaji aliyewahi kuvuja damu

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikimeza warfarini kila jioni, kwa sababu vali ya moyo wangu ya upande wa kushoto iliharibika, ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa vali bandia. Damu ikikutana na kitu kigeni hujaribu kukigandia, na donge likijijenga juu ya vali ya namna hiyo linaweza kuikwamisha, au likameguka na kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Warfarini ndiyo inayozuia hayo. Ni warfarini hiyo hiyo iliyonilaza hospitalini siku kumi na moja katika mwaka wangu wa nne wa kuitumia, nikivuja damu tumboni. Ninaandika nikiwa bado naitumia na nikiwa sina nia ya kuiacha, hivyo msomaji anayetafuta shutuma dhidi ya dawa yenyewe hatazipata hapa. Atakachopata ni maelezo ya mahali ambapo hatari yake imejificha, nami nimeona kwamba mahali hapo si pale ambapo watu wengi hupadhania.

Kidonge nakipa nyota nne kati ya tano. Karatasi ya maelezo inayoambatana nacho, pamoja na namna kinavyokabidhiwa kwa mgonjwa, naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Nianze na jina ambalo watu wameizoea nalo, yaani dawa ya kuyeyusha damu, au ya kuifanya damu iwe nyepesi. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa damu ya anayeimeza haigeuki kuwa maji wala haipungui uzito. Kinachobadilika ni muda ambao damu huchukua kuganda. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati ya hizo, zilizopewa namba za Kirumi II, VII, IX na X, haziwezi kukamilika bila vitamini K. Warfarini huzuia mwili usiirudishe vitamini hiyo katika hali ya kutumika tena, na hivyo protini mpya hutoka zikiwa pungufu na haziwezi kufanya kazi yake. Lakini zile za zamani, zilizokwisha kuwamo katika damu, huendelea kufanya kazi mpaka ziishe zenyewe. Namba VII huanza kupungua ndani ya saa chache, ilhali namba II huchukua siku kadhaa. Kwa sababu hiyo kidonge kilichomezwa leo huonekana matokeo yake siku mbili au tatu baadaye, na mtu aliyekosea dozi Jumatatu anaweza kuamka Jumanne akiwa mzima kabisa, akajiona amesalimika, kisha akaanza kutokwa na damu Alhamisi wakati amekwisha kusahau kosa lenyewe. Sifa hiyo ya kuchelewa ndiyo iliyokinyima kidonge nyota ya tano, na hakuna kiwanda kinachoweza kuirekebisha, kwa maana ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Asili yake nayo inastahili maneno machache, maana inaeleza mengi kuhusu tabia yake. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa nyasi kavu za klova tamu zilizoota ukungu. Ng'ombe aliyekatwa pembe au kuhasiwa angeweza kumwaga damu hadi kufa. Mwaka 1940 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Paul Link, walifanikiwa kuitambua kemikali iliyokuwa ikisababisha hayo, na kutokana nayo ikaundwa warfarini, ambayo herufi zake nne za mwanzo ni kifupi cha jina la mfuko uliogharamia utafiti. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 ikiwa sumu ya panya. Iliidhinishwa kwa binadamu nchini Marekani mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower akapewa baada ya kupata shambulio la moyo. Nimesikia watu wakiitumia habari ya panya kuwatisha wagonjwa, nami sioni ubaya wa kuifahamu, mradi ifahamike yote: panya hufa kwa sababu anakula bila mtu wa kumpima, na mgonjwa huishi kwa sababu anapimwa.

Kipimo chenyewe, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, huitwa INR, nacho kimekuwa kikitumika kwa kanuni moja duniani tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipitisha mwaka 1983. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR inayokaribia 1. Wagonjwa wengi, kama wale wenye donge katika mshipa wa mguu au mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, hutakiwa wakae kati ya 2 na 3, na mwenye vali kama yangu kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo donge hunyemelea. Juu ya hapo damu hunyemelea, na kuanzia kama 4.5 au 5 hatari ya kuvuja hupanda kwa kasi. Nafasi iliyopo baina ya dozi inayofaa na dozi inayodhuru ni finyu mno, na watu wawili wenye umri na uzito uleule wanaweza kuhitaji dozi zinazopishana mara tatu au nne. Kwa hiyo ushauri wa jirani anayesema kwamba yeye hutumia miligramu tano na hajapata tatizo hauna maana yoyote kwa mtu mwingine.

Kuhusu umbo na rangi ya kidonge nina pongezi moja na lalamiko moja. Pongezi ni kwamba kila kiwango kina rangi yake, na kwa mtu ambaye siku nyingine humeza miligramu tatu na siku nyingine nne, rangi ni msaada mkubwa kuliko maandishi madogo. Lalamiko ni kwamba rangi hizo hazifanani kutoka nchi moja hadi nyingine. Nchini Uingereza kidonge cha waridi ni cha miligramu 5, ilhali Marekani cha waridi ni cha miligramu 1. Cha buluu ni miligramu 3 Uingereza na miligramu 4 Marekani. Mgonjwa aliyezoea kusema "nameza kimoja cha waridi", akisafiri au akiletewa dawa na ndugu kutoka nchi nyingine, anaweza kujizidishia mara tano bila mtu yeyote kutambua. Tangu nilipolijua jambo hilo sitaji tena rangi mbele ya mhudumu; nataja miligramu, tena namwomba aandike.

Sasa nieleze kilichonipata. Nilikuwa na jipu kwenye ufizi, nikaenda kutibiwa, nikapewa metronidazoli kwa ajili ya maambukizi na diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Aliyenihudumia aliniuliza kama nina mzio wa dawa yoyote, nikajibu sina, na jibu hilo lilikuwa la kweli. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, nami sikusema, kwa kuwa katika akili yangu jino na moyo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Siku ya tatu niliona damu ikivilia chini ya ngozi ya paja mahali ambapo sikumbuki kujigonga. Siku ya nne ufizi ulitoa damu niliposwaki, nikalilaumu lile jipu. Siku ya tano nilipata choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu ambayo sijawahi kuisikia kabla, nikajiambia kwamba huenda ni chakula. Siku ya sita niliinuka kitandani, chumba kikazunguka, na nilipopata fahamu nilikuwa sakafuni. INR yangu hospitalini ilisomeka juu ya 8.

Daktari aliyenipokea alinieleza, kwa utulivu ambao mpaka leo nautamani, kwamba nilikuwa nimepigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Metronidazoli huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja warfarini, kwa hiyo kila kidonge changu cha jioni kilikuwa kikijilimbikiza juu ya kile cha jana, ijapokuwa dozi yangu sikuibadilisha hata chembe. Diklofenaki kwa upande wake huukwangua utando unaolinda ukuta wa tumbo na kuzilegeza chembe sahani, ambazo ndizo hukimbilia kuziba tundu la kwanza. Dawa moja ilifungua bomba na nyingine ikaondoa kizibo. Kila moja ilikuwa dawa sahihi ya ugonjwa wangu wa jino, na pamoja na warfarini zote mbili zilikuwa kosa.

Baada ya hapo nilijifunza kwamba orodha ya dawa za namna hiyo ni ndefu na imejaa majina ya kawaida kabisa. Kotrimoksazoli, siprofloksasini, erithromisini, flukonazoli ya fangasi na amiodaroni ya moyo huipandisha INR. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kuiacha INR mahali pake na bado zikaongeza kuvuja, jambo linalomdanganya anayetegemea kipimo peke yake. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kati ya dawa za maumivu, ingawa nayo ikitumiwa kwa dozi kubwa siku nyingi mfululizo huisukuma INR juu. Zipo zinazoshusha, kama rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa, na hatari yake ya kuvuja damu huja kinyumenyume: dozi ya warfarini huongezwa ili kuzifidia, kisha matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha hakuna anayekumbuka kuipunguza. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K nyingi, lakini ushauri wa kuziacha kabisa haufai. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kwa maana mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula kwa siku kadhaa INR yake hupanda hata bila dawa mpya. Mitishamba mimi nimeacha yote, kwa sababu rahisi kwamba hakuna anayeweza kuniambia kipimo chake.

Dalili za kuvuja damu huandikwa kwa kawaida kana kwamba damu lazima ionekane. Ile inayoonekana, ya puani, ya ufizi, ya kwenye mkojo au hedhi iliyozidi kiasi chake, angalau humshtua mtu, na pua ikitoka damu zaidi ya dakika kumi huku imebanwa, safari ya hospitali haina mjadala. Inayoua mara nyingi ni ile isiyoonekana. Choo cheusi ni damu iliyomeng'enywa, na anayetumia vidonge vya madini ya chuma anaweza kuizoea rangi hiyo na kuipuuza. Matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa ni damu pia. Maumivu makali ya kinena au ya chini ya mgongo, pamoja na ugumu wa kunyoosha paja, yanaweza kuwa damu inayojikusanya ndani ya misuli iliyo nyuma ya tumbo. Maumivu ya kichwa ya ghafla, kutapika, usemi kukwama au mkono kulegea ni dharura ya dakika hiyo. Kwa mzee aliyeanguka na kugonga kichwa kuna hila nyingine: anaweza kuzungumza vizuri, kula na kulala, huku damu ikijikusanya polepole kati ya ubongo na utando wake kwa siku au hata wiki, na kinachoonekana na jamaa ni kwamba amekuwa msahaulifu na msinziaji. Anayetumia dawa hii akigonga kichwa apelekwe kuchunguzwa hata kama anasema hajambo, maana neno "sijambo" siku hiyo halithibitishi kitu.

Kwa upande wa kutibika, warfarini ina sifa ambayo hairithiwi na dawa zote za kundi lake: kinga yake, yaani dawa ya kuikomesha, inajulikana, ni ya zamani na inapatikana kwa wingi. Vitamini K ikichomwa kwenye mshipa huanza kurudisha ugandaji baada ya saa kadhaa. Kama damu inatoka kwa wingi na hakuna muda wa kungoja, hutolewa mchanganyiko wa protini za kugandisha uliokolezwa, unaofanya kazi ndani ya dakika, na pale usipopatikana hutumika utegili wa damu (plazma), ambao huhitaji ujazo mkubwa unaoweza kuulemea moyo dhaifu. Kwangu mimi kulikuwa na mashauriano marefu kando ya kitanda, kwa kuwa vitamini K ikizidi ingeiacha vali bila ulinzi na ingeifanya warfarini isishike kwa siku nyingi baadaye. Niliongezewa damu, tumbo likamulikwa kwa kamera, kidonda kikaonekana na kuzibwa. Dawa nilirudishiwa chini ya uangalizi. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu aliyeona damu yake mwenyewe huapa asiiguse tena warfarini, na kiharusi alichokuwa akikingwa nacho hupata njia.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kwa nini sihamii dawa mpya, ambazo hazihitaji kupimwa INR. Ni swali la haki. Dabigatrani iliidhinishwa Marekani mwaka 2010, ikafuatiwa na rivaroksabani na apiksabani, na kwa mtu mwenye mpapatiko wa moyo usiotokana na vali, mimi mwenyewe ningemshauri amwulize daktari wake kuzihusu kabla ya kukubali warfarini. Katika jaribio la ARISTOTLE la mwaka 2011, lenye wagonjwa 18,201, kuvuja damu kukubwa kulitokea kwa asilimia 2.13 kwa mwaka kati ya waliotumia apiksabani na asilimia 3.09 kati ya waliotumia warfarini, na kuvuja ndani ya fuvu kulikuwa asilimia 0.33 dhidi ya 0.80. Tofauti hiyo ya fuvuni ndiyo nzito, kwa maana damu ya tumboni hutibika mara nyingi na ya ubongoni mara chache. Hata hivyo dawa mpya nazo huvujisha. Dabigatrani ya dozi kubwa na rivaroksabani zilionyesha kuvuja zaidi katika njia ya chakula kuliko warfarini, figo zikidhoofika dawa hizo hujikusanya mwilini, na kinga maalumu ya dabigatrani, iitwayo idarusizumabu, ilikuja mwaka 2015, miaka mitano baada ya dawa yenyewe.

Kwa mwenye vali bandia kama yangu mlango umefungwa. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wa namna yangu na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa walipata madonge mengi zaidi na pia walivuja damu zaidi; matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vilevile jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mpapatiko wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, wengi wao kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kwamba waliotumia dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Anayeiita warfarini dawa iliyopitwa na wakati hajawahi kuwa na vali iliyobadilishwa.

Mashine ndogo ya kupimia nyumbani, ambayo huchukua tone la damu ya kidole na kutoa jibu ndani ya kama dakika moja, nimeitumia miaka mitano na imenipunguzia safari na wasiwasi. Ina mipaka yake. Usomaji ulio juu ya 4.5 au 5 hauaminiki sana na unapaswa kuhakikishwa kwa damu ya mshipa maabarani. Mwaka 2018 vijiti vya mashine ya aina hii viliondolewa sokoni nchini Marekani kwa kuwa vilikuwa vikisoma juu kuliko ukweli. Kila baada ya miezi kadhaa mimi hulinganisha mashine yangu na maabara siku hiyo hiyo.

Narudi kwenye ile nyota moja. Karatasi niliyopewa ilikuwa na orodha ya madhara ambamo kunyonyoka nywele na kuvuja damu ubongoni vilifuatana kwa herufi za ukubwa uleule. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza mwaka 2006 kwamba onyo la kuvuja damu liwekwe ndani ya kisanduku cheusi mwanzoni mwa maelezo ya dawa, na hilo ni hatua, lakini kisanduku husomwa na aliyekwisha kuamua kusoma. Kwa miaka minne nilimeza dawa hii nikiwa nimeelezwa saa ya kuimeza na tarehe ya kupimwa, bila mtu yeyote kuniambia sentensi moja ambayo ingeniokoa: kwamba dawa yoyote mpya, hata ya jino, ni sababu ya kupima INR upya ndani ya siku tatu hadi tano. Wala sikuwa nimeambiwa kwamba dozi niliyoisahau naweza kuimeza siku hiyo hiyo nikikumbuka, ila nisiirundike juu ya dozi ya kesho, wala kwamba sindano ya msuli niikatae kama ipo njia nyingine. Na mwanamke anayeweza kushika mimba anastahili kuambiwa siku ya kwanza, kabla ya kidonge cha kwanza, kwamba warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili.

Siku hizi nina kadi ya ukubwa wa kitambulisho ndani ya pochi, yenye jina la dawa, dozi kwa miligramu, sababu ya kuitumia, INR ninayotakiwa kuwa nayo na namba ya simu ya kliniki. Mwezi uliopita nilirudi kwa ajili ya jino lingine. Kabla sijaketi niliiweka kadi mezani, na mhudumu, kijana ambaye hakunijua, aliisoma, akaufuta mstari mmoja katika alichokuwa amekwisha kuandika, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilipima lini.